Kibwana Aiposa Fidia Yake

Nchi hii ina jina zuri sana, ila jina lenyewe limehifadhiwa. Wakubwa waliona kwamba likitajwatajwa ovyo litachakaa, wakalifungia mahali salama, na wananchi wakitaka kuitaja nchi yao husema tu "hapa petu", wakaelewana. Ni nchi ya amani. Watu wake ni wakarimu, wanapenda mikutano yenye vitafunio, na wanapenda zaidi kulindwa.

Hapa petu ndipo alipozaliwa Kibwana Shegwando, mfanyakazi wa kiwanda cha vigae, mtu mrefu, mcheshi, mwenye miguu miwili mpaka Jumatatu moja saa nne kamili asubuhi. Saa nne na dakika moja mkanda wa mtambo wa kukanda udongo ulimshika suruali, suruali ikamshika mguu, na kabla msimamizi hajamaliza kuuliza ni nani kasimamisha kazi bila ruhusa, Kibwana alikuwa amebaki na mguu mmoja na goti.

Hata hivyo alikuwa mtu wa bahati, maana alikatika mguu katika nchi inayojali. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Zamani mfanyakazi akiumia, mwajiri alifilisika siku ileile, na kampuni ya bima nayo ilihama na ngazi zake. Ndipo serikali ikaunda Mfuko wa Kuhifadhi Fidia, ili haki ya mtu aliyeumia kazini iwekwe amana mikononi mwa taifa. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia. Mfuko ulizilinda fidia dhidi ya waajiri. Ukazilinda dhidi ya kampuni za bima. Ukazilinda dhidi ya wezi, panya, unyevu na mawaziri wastaafu. Kufika mwaka wa nne maadui wote walikuwa wamekwisha, na bajeti ilikuwa bado ipo.

Wataalamu wakatumwa kutafuta adui mpya. Walifanya utafiti kwa miezi kumi na minane, nusu yake ng'ambo, wakarudi na matokeo ya kutisha: katika kila tukio ambalo fidia ilipotea, mtu wa mwisho kuonekana nayo alikuwa mwenye fidia. Bunge lilikaa kimya dakika nzima kwa mshtuko. Kisha likapitisha sheria kwa sauti moja kwamba kuanzia siku hiyo fidia italindwa dhidi ya aliyeumia, na waheshimiwa wakaenda kunywa chai.

*

Wiki tatu baada ya mguu wake kuondoka, Kibwana alipata barua yenye muhuri wa dhahabu. Ilisema: "Hongera. Fidia yako imepatikana, imepokelewa na iko salama." Akaibusu ile barua, akaazima magongo ya jirani, akaenda mjini.

Jengo la Mfuko lilikuwa na ghorofa tisa na walinzi mia nne na kumi na wawili. Dirishani alikaa Bi Eufrasia, Mhasibu Mlezi, mwanamke mnene mwenye miwani ya kuning'inia na roho nzuri kabisa. Kibwana alimpenda mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona nani?"

"Fidia yangu."

"Una uhusiano gani naye?"

"Ni yangu, mama. Ni ya mguu wangu."

"Na huo mguu uko wapi?"

"Ungekuwapo nisingekuja."

Bi Eufrasia akaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri: mguu haukuhudhuria. Kisha akampeleka kwenye ukuta wa kioo. Nyuma ya kioo yalipangwa masanduku madogo mamia kwa mamia, kila moja limefunikwa kitambaa cha kijani na kupulizwa na feni yake.

"Yako ni ile ya safu ya tatu," alisema kwa sauti ya chini, kama tunavyosema wodini. "Haijambo. Juzi ilipata homa kidogo ya kupanda kwa bei, tukaipepea, ikatulia. Unaweza kuja kuijulia hali kila Alhamisi, saa tisa mpaka saa kumi. Usiiletee chochote, ina chakula chake maalumu."

"Nashukuru, mama. Ila mimi nilikuja kuichukua."

Bi Eufrasia akashika kifua. "Uichukue uipeleke wapi?"

"Kwa fundi Halfani. Ameshanipima, ananichongea mguu."

"Yaani," alinong'ona, "uitumie?"

Walinzi wawili waliosikia neno hilo walisogea karibu. Kibwana akaomba radhi, akarudi nyumbani.

*

Sasa huo mguu wa fundi Halfani haukuwa wa kuchongwa tena, ulikuwa tayari. Ulichongwa kwa mti wa mninga, ukapigwa msasa na mafuta, ukafungwa mikanda ya ngozi. Ulikaa juu ya rafu karakanani, umebandikwa karatasi yenye jina la Kibwana. Halfani alikuwa mtu mwema lakini alikuwa na watoto sita.

"Nakuwekea mpaka mwisho wa mwezi ujao," alimwambia. "Kuna mpiga ngoma mmoja wa upande wa milimani, urefu wake na wako ni sawasawa, na yeye ana pesa mkononi. Usipofika siku hiyo jua halijazama, Kibwana, naubandua jina."

Kibwana aliutaka ule mguu kama mwenye kiu anavyotaka maji. Alitaka kurudi kazini. Alitaka kuteka maji mwenyewe bila mtoto wa jirani kumwonea huruma. Alitaka hata kugombana, maana tangu aumie alikuwa amegundua kwamba mtu akigombana huku ameketi, watu hudhani anaomba. Basi akaanza kuhangaika na fomu.

Alijaza fomu ya kuomba fomu. Alileta barua ya kiwandani ya kuthibitisha kwamba mguu uliokatika ulikuwa umeajiriwa pamoja na mwili wote. Alipima shinikizo la damu la fidia, ada ikakatwa kwenye fidia. Kila baada ya siku thelathini alitakiwa kupata cheti cha daktari wa serikali kinachothibitisha kwamba mguu haujaota tena, na daktari, mtu makini, alimkunja suruali, akachungulia, akaandika: "Bado." Kwenye fomu ya mwisho palikuwa na swali moja tu: Je, mwombaji anaahidi kutoitumia fidia akipewa? Kibwana akajibu ndiyo. Ombi likakataliwa kwa sababu mtu asiyehitaji kuitumia hana haja ya kupewa.

*

Ilipofika Siku ya Kitaifa ya Fidia, walioumia kazini nchi nzima waliletwa uwanjani, wakaketishwa mbele juani ili waonekane vizuri. Kibwana alifuatana na shangazi yake, Bi Mwantumu, aliyemlea tangu mama yake afariki. Bi Mwantumu alikuwa kungwi. Kwa miaka thelathini alikuwa amewafunda wanawali na kupeleka posa mtaa mzima, na hakuna nyumba iliyowahi kumrudisha na sinia lake.

Mhifadhi Mkuu wa Mfuko, Dakta Kasimbazi, alipanda jukwaani akiwa na suti nyeupe na hotuba ya kurasa arobaini. Sauti yake ilitetemeka kwa upendo.

"Ndugu wananchi, fidia ni nini? Watu wa mataifa mengine watasema ni fedha. Sisi hapa petu tunasema fidia ni mwali! Ni binti yetu, tumemtia ndani. Jua halimwoni, upepo haumgusi, na wahuni," hapo akawatazama kwa upole watu waliokosa mikono, macho na miguu, "na wahuni hawamsogelei. Mimi ndimi baba yake. Nami naapa mbele ya taifa, mwali huyu hatatoka ndani kihuni maadamu mimi ni hai."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Kibwana naye alipiga makofi, kwa kuwa mikono alikuwa nayo yote miwili na hotuba ilikuwa nzuri. Shangazi yake peke yake ndiye hakupiga. Alikuwa anatafuna kitu polepole, na mdomoni hakuwa na kitu.

Njiani wakirudi akauliza, "Kasema mwali?"

"Kasema, Shangazi."

"Na yeye ndiye baba?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu na redio ya taifa."

"Basi, baba, umejichosha bure na makaratasi. Tangu lini mwali akaombwa kwa fomu?"

*

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, Bi Mwantumu aliongoza wanawake sita waliovaa kanga za sare mpaka lango la Mfuko. Kichwani alibeba sinia lililofunikwa kawa. Ndani ya sinia mlikuwa na halua, kashata, visheti, birika la kahawa, na barua iliyokunjwa ndani ya leso safi. Kibwana aliwafuata nyuma kwa magongo, akiwa ameamriwa asifungue kinywa, kwa sababu mwenye kuoa hajiposei.

Walinzi mia nne na kumi na wawili walikuwa na maagizo ya nini cha kufanya wakija wezi, waandamanaji, waandishi wa habari, na walioumia. Hawakuwa na maagizo yoyote kuhusu wanawake wenye sinia. Mmoja akafungua lango kwa adabu, mwingine akapokea viatu.

Dakta Kasimbazi alikuwa kikaoni na wakuu wa idara. Nimesema watu wa nchi hii wanapenda mikutano yenye vitafunio, lakini sijasema yote: hapa petu kikao hakihesabiwi kuwa kimeanza mpaka kitu kiingie mdomoni. Asubuhi ile chai ilikuwa imechelewa, na wakuu wote walikuwa wameketi wakitazamana kwa njaa. Mlango ukafunguliwa, sinia likatua mezani, kawa likaondolewa. Mkono wa Mhifadhi Mkuu ulinyooka wenyewe. Akala kashata. Bi Eufrasia akachukua visheti viwili. Mwanasheria akajimegea halua, na dereva aliyeingia kuuliza funguo akajikuta anamiminiwa kahawa.

Bi Mwantumu alingoja mpaka kila mtu amemeza. Kisha akapiga magoti nusu, akasema kwa sauti ya posa, ile ya kuvuta kidogo:

"Sisi ni wageni wenu, hatukuja kwa shari. Tulikuwa tunapita, tukaona ua katika bustani yenu, likatupendeza. Huyu kijana wetu ni mtulivu, hanywi, hapigi. Ana kasoro moja, na kwa kweli ndiyo iliyomfahamisha na binti yenu. Tumeleta barua."

Dakta Kasimbazi aliisoma barua. Akatabasamu, akaanza kucheka, kisha akaona nusu ya kashata iliyobaki mkononi mwake, na kicheko kikamkauka. Hapa petu mtu anaweza kula mali ya umma akalala usingizi wa mtoto mchanga. Lakini kula sinia la posa kisha ukawafukuza wageni ni jambo ambalo halijawahi kufanyika, na aliyewahi kulifanya ukoo wake haukuzikwa na watu.

"Mwanasheria," alisema taratibu, "sheria inasemaje?"

Mwanasheria alifuta sukari vidoleni, akafungua kitabu. "Sheria inakataza fidia kulipwa, kutolewa, kukopeshwa, kuhamishwa, kuazimwa na kuonyeshwa kwa mwenyewe bila kioo," alisema. Akageuza ukurasa, akarudi, akageuza tena. "Haikatazi kuozwa."

Bi Eufrasia alijaa machozi machoni. "Na mkaja wangu wa mama je?" alisema. "Nimemlea kwa mikono hii. Usiku wa homa ni nani alimpepea?"

Basi mambo yakawa mambo. Mkuu wa walinzi akadai zawadi ya mjomba. Dereva akasema ndiye aliyembeba binti kutoka benki akiwa mdogo, tena kwenye mvua, hivyo asisahauliwe. Mwanasheria, aliyekuwa bado anapekua kitabu, akakumbuka kwamba yeye kiumri ni babu. Kwa mara ya kwanza tangu Mfuko uundwe, idara zote zilikubaliana jambo moja kabla ya saa sita. Dakta Kasimbazi alijaribu kujizuia, lakini alipoulizwa na Bi Mwantumu kilemba cha baba kiwe cha rangi gani, alisikika akijibu, "Cheupe, chenye ukingo wa dhahabu." Siku ikapangwa: Alhamisi, siku ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi.

Kibwana aliketi kwenye kona na magongo yake, akihesabu kwa vidole kama siku hiyo ingemfikisha kwa fundi Halfani jua halijazama.

*

Mkono mtupu haulambwi, na Bi Mwantumu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Siku ya siku alifika na mkaja wa mama, kilemba cha baba, kofia ya mjomba, bakora ya babu, na soksi mpya za dereva. Mfuko nao haukujiangusha. Ngazi zilitandikwa mazulia, walinzi walipewa tarumbeta, na redio ya taifa ikaalikwa itangaze moja kwa moja, maana Dakta Kasimbazi hakuona kwa nini ukarimu wake uishie ukutani. Walioumia kazini wakajaa nje ya lango, na nusu ya mji ikaja kuwatazama.

Sanduku la Kibwana lilitolewa nyuma ya kioo, limefunikwa ushungi mweupe. Dakta Kasimbazi alilibeba mwenyewe, analia. Alikuwa analia kweli, kama baba wa binti yeyote, na Bi Eufrasia alimshika mkono, naye analia. Vigelegele vikapigwa. Kibwana akainuka nusu.

"Kabla hatujaondoka," alisema Bi Mwantumu, "tunaomba kumwona mwali uso."

"Hakuna haja," alisema Dakta Kasimbazi haraka. "Tunaaminiana."

"Tunaaminiana, Mheshimiwa. Ila ni desturi ya ukoo wetu. Babu yetu aliwahi kubadilishiwa."

Akainua ushungi, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na kidonge kimoja cha kufukuza nondo wa nguo, na stakabadhi.

Tarumbeta zilinyamaza moja baada ya nyingine. Bi Mwantumu akaugeuza uso wake kwa Bi Eufrasia, akauliza kwa upole binti yuko wapi. Mhasibu Mlezi akafuta machozi. Hakuwa na aibu yoyote. Alikuwa na hakika kwamba kila mtu angeelewa.

"Alikuwa anajilipia ulinzi," alieleza. "Kioo, feni, walinzi, kupimwa shinikizo. Hajaibiwa hata senti moja, mama, vitabu vyote vipo. Amelindwa vizuri sana. Amelindwa mpaka akaisha."

Kibwana aliona giza. Aliona rafu ya fundi Halfani, aliona karatasi yenye jina lake ikibanduliwa, aliona mtu wa milimani akiondoka na mguu wake akipiga ngoma. Akashika magongo, akasimama wima kadiri alivyoweza, ili kama ni kugombana agombane amesimama.

Shangazi yake akamwekea mkono begani. "Tulia, baba. Aibu hii si yetu." Kisha akawageukia wenyeji, na sauti yake ilifika mpaka kwenye kinasa sauti cha redio. "Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nyumba iliyokula sinia haiwatoi wageni mikono mitupu. Mwali akikosekana, hutoka mdogo wake. Ndivyo tulivyofundishwa sote, mimi na nyinyi. Humu ndani hamna binti mwingine?"

Wakuu wa idara zote walitazama dari. Dereva peke yake, kwa mazoea, alitazama mlango.

Ulikuwa mlango mdogo uliopakwa rangi mpya, umeandikwa POSHO ZA VIKAO. Kitasa chake kiling'aa kwa kushikwashikwa. Bi Mwantumu akausukuma, haukuwa na kufuli. Ndani palikuwa na sanduku kubwa lililonona mpaka kifuniko kimekataa kufunga.

"Mashaallah," alisema. "Huyu amelishwa. Na mbona hana mlinzi?"

"Wa nini, mama?" alijibu dereva, ambaye hakuwa na hila. "Sisi tunamtembelea kila siku."

"Huyo bado mdogo," alisema Dakta Kasimbazi, na jasho lilikuwa linamchuruzika kutoka chini ya kilemba.

"Mdogo vipi, Mheshimiwa? Si anazaa kila kikao."

Nje ya lango watu walikuwa wanaisikiliza redio, na redio ilikuwa inawasikiliza watu. Kikapigwa kigelegele kimoja, kikapokewa na mia. Dakta Kasimbazi alitazama kwenye kioo kilemba chake, kilichokuwa kimemkaa vizuri sana, na akajua kwamba hawezi kukivua mbele ya taifa. Akatoa mkono, akamwoza binti. Bi Mwantumu alichukua kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye stakabadhi, si zaidi. Alisema hawakuja kuoa ukoo mzima.

*

Walifika karakanani jua likiwa bado juu ya mapaa. Mguu ulikuwa rafuni, na karatasi ilikuwa imebanduliwa. Kibwana akasimama mlangoni.

"Alikuja mchana yule wa ngoma," alisema fundi Halfani. "Kauvaa, kauchezea. Kasema unakwenda nje ya mdundo." Akauteremsha, akaupangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Nilikuwa nangoja jua lizame niutafutie mtu mwingine. Kaa hapa, nikufunge mikanda."

Kibwana alisimama mara ya kwanza, akaanguka juu ya marundo ya maranda, wakacheka wote. Akasimama mara ya pili, akakaa hivyohivyo amesimama. Shangazi yake, aliyekuwa ameshinda siku nzima hajatikisika mbele ya Mhifadhi Mkuu, walinzi na redio, alimtazama kutoka chini kwenda juu na akalazimika kushika meza.

"Nilikuwa nimesahau," alisema, "ulivyo mrefu."

Akajifunika kanga usoni, akalia. Fundi Halfani akatoka nje kutafuta kitu ambacho hakikuwapo. Walirudi nyumbani kwa miguu, hatua moja kisha nyingine, na njia nzima Bi Mwantumu alimwonya asijikwae, kwa kuwa yeye hana nguvu ya kuposa mara ya pili.

*

Kesho yake barabara ya Mfuko ilifungwa na masinia. Kila mwenye jeraha alikuwa na mshenga wake, na halua ilipanda bei nchi nzima. Dakta Kasimbazi akafanya alichojua kufanya: akaiweka posho chini ya ulinzi kamili wa sheria. Ikaenda nyuma ya kioo, ikawekewa feni, na yeyote aliyeitaka alipewa fomu.

Siku mbili za kwanza wakuu wa idara walivumilia kizalendo. Siku ya tatu walisikika wakiwaambia walinzi kwamba posho ni ya jasho lao. Siku ya nne Mhifadhi Mkuu mwenyewe alijipanga dirishani, na Bi Eufrasia, ambaye hakuwahi kumpendelea mtu, akamuuliza ana uhusiano gani naye. Jioni hiyo Bunge lilikutana kwa dharura. Sheria iliyodumu miaka mitano juu ya watu wasio na mikono ilidumu siku nne juu ya watu wasio na posho. Ikafutwa, na walioumia wakapewa kilichobaki katika masanduku yao. Wengine walikuta nusu, wengine stakabadhi. Wakashukuru, kwani hapa petu watu wana adabu.

Likabaki swali la walinzi mia nne na kumi na wawili, ambao hawakuwa na kitu cha kulinda na bajeti yao ilikuwa imeshapitishwa. Wataalamu wakatumwa tena ng'ambo, wakarudi na matokeo mapya.

Kibwana alipata barua ya kurudi kazini mwezi huohuo. Aliingia kiwandani amevaa suruali iliyopigwa pasi, wenzake wakamkumbatia, na msimamizi, Bwana Nyoni, akamrudisha kwenye mtambo wake wa zamani. Mkanda ulikuwa unazunguka wazi, mweusi, kasi ileile. Kibwana akauinamia, akautazama huku na huku.

"Bwana Nyoni, huu mkanda hauna kinga?"

"Unayo, tena nzuri sana, ya chuma, imetoka nje ya nchi. Ililetwa ulipokuwa mgonjwa."

"Iko wapi?"

"Kule kwenye Mfuko, nyuma ya kioo, pamoja na helmeti zetu na glavu. Wataalamu wamegundua kwamba vifaa vya kinga huharibika vikiwa kazini. Sasa fikiria mwenyewe, kinga ya bei ile ikae hapa karibu na mkanda. Si ingeumia?"

Kibwana alifikiri. Kisha akazunguka upande wa pili wa mtambo, akatanguliza mguu wa mninga, akauweka wa nyama nyuma kabisa, akaanza kazi.